Umri wa Mti na Mfuko wa Wilaya: Kisa cha Mufindi na Shamba la Sao Hill

Msafiri anayetoka Iringa mjini kuelekea Mbeya kwa barabara kuu hukutana na biashara ya mbao kabla hajauona vizuri msitu wenyewe. Yapata kilomita 80 kutoka Iringa, pembezoni mwa mji wa Mafinga, mbao zimepangwa kwa kupishana ili upepo upite katikati yake, malori ya Fuso yamerudishwa kinyumenyume hadi kwenye marundo, na vijana wanapandisha mbao begani wawili wawili huku karani mmoja akihesabu kwa sauti. Mji huu, na wilaya ya Mufindi kwa jumla, haujengwi na mbao peke yake, maana kuna chai, mahindi na viazi. Lakini mbao ndizo zinazotia fedha taslimu mkononi mwa watu wengi ambao hawana hata mti mmoja.

Uchambuzi huu unahusu swali moja: ni kitu gani hasa kinachoamua kiasi ambacho msitu wa kupandwa unauingizia uchumi wa wilaya kama Mufindi? Jibu la haraka ni ukubwa wa eneo, na ndilo linalotajwa mara nyingi kwenye hotuba. Mimi naona kwamba eneo ni jambo la tatu. La kwanza ni umri ambao mti unakatwa, na la pili ni kazi inayofanyika juu ya gogo kabla halijavuka mpaka wa wilaya.

Shamba la Miti Sao Hill ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini Tanzania. Linasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na lina hekta 135,903. Kati ya hizo, hekta 86,003 zimetengwa kwa ajili ya kupandwa miti, na sehemu kubwa ya zinazobaki ni uoto wa asili unaolinda mabonde na vyanzo vya maji. Limegawanywa katika tarafa nne, yaani Irundi, Ihefu, Ihalimba na Mgololo. Miti ya majaribio ilianza kupandwa mwaka 1939, lakini upandaji wa kibiashara ulishika kasi baada ya uhuru, na ulifikia kilele miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Nchi iliyopandwa ilikuwa kwa sehemu kubwa mbuga ya nyasi ya nyanda za juu. Miti inayotawala ni misindano, hasa aina ya Pinus patula kutoka Mexico, pamoja na milingoti. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii msitu wa asili unaomezwa na shoka, tunazungumzia zao lililopandwa ili livunwe kama yanavyovunwa mahindi, isipokuwa msimu wake ni wa robo karne.

Urefu wa msimu huo ndio chanzo cha mambo mengi. Upandaji ule mkubwa ulikusudiwa, kwa sehemu, kulisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilichoanza uzalishaji mwaka 1985, kikiwa kimejengwa karibu na reli ya TAZARA ili mzigo wake usafirishwe kwa treni hadi Dar es Salaam. Kiwanda kilidorora miaka ya 1990, kikasimama, kisha kikauzwa kwa mwekezaji binafsi miaka ya 2000 na kurudi kazini, kikitengeneza hasa karatasi ngumu ya kahawia inayotumika kwenye mifuko na vifungashio. Katika miaka hiyo ya kusimama, miti haikusimama kukua. Ilipofikia umri wa kuvunwa, mnunuzi aliyekuwapo hakuwa kiwanda cha karatasi, alikuwa mpasuaji wa mbao. Na kwa hiyo viwanda vya kupasua mbao, vikubwa na vidogo, vilichipuka Mafinga na vijiji vya jirani kwa kutegemea miti ambayo wengi wa wamiliki wa viwanda hivyo hawakushiriki kuipanda.

Wakati huohuo jambo jingine lilikuwa likitokea kimyakimya. Fedha za mradi zilipokwisha, upandaji ulipungua sana kuanzia miaka ya 1980 na kuendelea katika miaka ya 1990. Mwaka ambao miti haikupandwa hauonekani wakati huo, kwa sababu watu wanaendelea kuvuna iliyopandwa zamani na soko linaendelea kujaa. Unaonekana miaka 25 baadaye, pale mgao wa miti unapopunguzwa na wenye viwanda wanapolalamika kwamba serikali inawabania, ilhali kinachowabania ni pengo la umri lililoachwa na watu ambao wengi wao wameshastaafu. Hesabu yake ni nyepesi. Kama hekta zote 86,003 zingekuwa zimejaa miti inayovunwa ikiwa na miaka 25, na umri wake ungekuwa umegawanyika sawasawa, wilaya ingekuwa na uhakika wa kuvuna na kupanda upya takriban hekta 3,440 kila mwaka, bila kupungua. Shamba halisi haliko hivyo. Lina miaka yenye miti mingi na miaka yenye miti michache, na uchumi unaolizunguka unavimba na kusinyaa kwa kufuata mawimbi hayo. Mwenye kiwanda aliyenunua mashine wakati wa mavuno makubwa anajikuta na mashine inayofanya kazi siku chache kwa juma, na mtu wa kwanza kuambiwa asije kazini ni kibarua.

Ni vema kueleza fedha ya gogo moja inavyotembea, kwa maana neno «sekta ya misitu» huficha watu. Katika shamba la serikali, mvunaji hupewa kibali na kulipia ujazo wa miti kabla ya kukata. Mwendesha msumeno wa mnyororo na msaidizi wake huangusha mti, huutoa matawi na kuukata vipande vya urefu unaotakiwa. Wapo wanaovingirisha na kuvuta magogo hadi barabarani, kwa trekta panapofikika na kwa mikono pasipofikika. Maofisa hupima magogo na kuyagonga alama kwa nyundo, na mzigo hupewa hati ya kusafirishia. Kwenye mashine kuna mpasuaji, anayepokea mbao upande wa pili, anayepanga, anayebeba mabanzi, na juu ya wote kuna fundi wa kunoa misumeno, ambaye kutokuwapo kwake siku moja hugharimu kuliko kutokuwapo kwa meneja. Kisha kuna wapakiaji, madereva, mafundi wa magari, wauza matairi, wenye nyumba za kulala wageni, na mama lishe ambaye hufuata mashine inapohamia msituni na sufuria zake. Mabanzi huwa kuni na uzio wa nyumba, na milingoti mingi huishia kwenye matanuri ya viwanda vya chai, ambavyo hukausha majani kwa moto wa kuni. Zao la chai la Mufindi, linalohesabiwa katika vitabu kama sekta nyingine kabisa, linasimama juu ya miti.

Hapo ndipo hoja ya kazi inapoingia. Gogo likiondoka wilayani likiwa gogo, orodha hiyo inakatika kwenye mwendesha trekta. Likiondoka likiwa mbao mbichi, inafika kwa mpakiaji. Mbao iliyokaushwa ipasavyo, ikarandwa na kupangwa kwa madaraja, huongeza watu wengine watatu au wanne na bei inayostahimili gharama ya safari ya Dar es Salaam. Hadi sasa sehemu kubwa ya mbao za eneo hili huuzwa zikiwa bado na maji mengi ndani yake, jambo ambalo maana yake ni kwamba lori hulipiwa mafuta ya kubeba maji kwa mamia ya kilomita, na mbao huja kujipinda ikiwa tayari juu ya paa la mnunuzi.

Mashine inayopasua sehemu kubwa ya miti ya wananchi inajulikana kwa jina la dingdong: msumeno wa duara uliofungwa kwenye meza ya chuma na kuendeshwa kwa injini ya dizeli, unaoweza kuhamishwa kutoka shamba moja hadi jingine. Wataalamu wa misitu huilaumu kwa kupoteza mti, nao wana haki, kwani meno yake mapana hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi, na usalama wa wanaoisukumia magogo ni mdogo mno. Lakini dingdong ndiyo pekee inayomfuata mkulima mwenye ekari moja mlimani, mahali ambapo kiwanda chenye msumeno wa mkanda hakiwezi kupeleka gari kwa miti michache. Mashine hii haikushinda kwa ubora, ilishinda kwa kufika.

Sasa tulitazame gogo lenyewe kwa karibu, kwa sababu hoja ya umri haieleweki bila kipimo. Tuchukue gogo la msindano uliokatwa ukiwa mchanga, lenye kipenyo cha sentimita 15 kwenye ncha nyembamba. Mbao ya 2x4 ina upana wa takriban sentimita 10 na unene wa 5. Mbao mbili zikilazwa moja juu ya nyingine, na katikati yake ukapita msumeno unaokula milimita 6, zinahitaji umbo la sentimita 10 kwa 10.6, ambalo kutoka pembe hadi pembe lina sentimita 14.6. Zinaingia, lakini kwa kubana. Gogo likiwa na mpindo mdogo tu, mbao moja itatoka na ganda ubavuni na kushushwa bei. Hayo ndiyo mavuno ya gogo zima: 2x4 mbili na vumbi.

Tuchukue sasa gogo la mti uliongojewa, lenye sentimita 30 kwenye ncha. Humo zinaingia mbao nne za 2x8, ambazo pamoja na njia tatu za msumeno zinahitaji sentimita 20 kwa 21.8, na mshazari wake ni sentimita 29.6. Kila mbao ya 2x8 ina ujazo wa 2x4 mbili, kwa hiyo mbao nne hizo ni sawa na 2x4 nane. Kipenyo kimeongezeka mara mbili, mbao zimeongezeka mara nne, na mti wenyewe kwa kuwa umerefuka hutoa magogo mengi zaidi. Kuna tofauti nyingine ambayo futi haiwezi kuipima: mti unaokatwa mapema una sehemu kubwa ya ukuni laini wa karibu na kiini, ambao hujisokota unapokauka, na mafundi wa kupaua huutambua kwa namna unavyokataa kunyooka. Mbao pana na imara haiwezi kutoka kwenye mti mwembamba kwa ufundi wowote ule. Wilaya inayovuna miti michanga kwa wingi inauza bidhaa za chini na, kwa hali hiyo, inawaachia wengine soko la bidhaa za juu.

Basi kwa nini mti unakatwa mapema? Shamba la serikali hujitahidi kungoja. Lakini katika miongo miwili iliyopita wananchi wa Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete wamepanda miti kwa wingi mno, wakihamasishwa na bei, na mipango ya serikali na wahisani, na pia na jirani aliyeezeka bati kwa fedha ya miti. Walimu, askari na watumishi wanaoishi mijini nao wamenunua ardhi vijijini na kupanda. Sehemu kubwa ya mbao zinazopita Mafinga leo inatoka katika mashamba hayo ya watu binafsi, na huko misindano hukatwa ikiwa na miaka kumi na kidogo, mara nyingine kabla ya hapo.

Ni rahisi kusema kwamba wakulima hao hawana subira au elimu. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi kutoka kwa watu wenye mishahara, na sikubaliani nayo. Kaya yenye ekari moja ya misindano, iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ina miti kama 450. Kwa miaka yote kumi na zaidi miti hiyo haijalipa chochote, huku ikipaliliwa, ikipogolewa na kukatiwa barabara ya kuzuia moto. Katika kipindi hicho mtoto amefaulu kwenda sekondari, mzee amelazwa, au mahindi yamekosa mbolea. Moto wa mwezi Septemba au Oktoba, unaoanzia kwenye shamba la mtu anayeandaa kilimo, unaweza kumaliza kila kitu kwa alasiri moja, na kila mwaka wa kungoja ni mwaka mmoja zaidi wa hatari hiyo. Benki haipokei kirahisi miti iliyosimama kama dhamana, hasa pale ardhi inapokuwa haina hati. Mtu wa namna hiyo anapomwona mfanyabiashara mwenye fedha mkononi, hakosi subira. Anafanya hesabu, na hesabu yake ni sahihi kwa upande wake. Kinachopotea ni cha wilaya nzima, lakini hakuna anayemlipa yeye ili akilinde.

Tena mauzo yenyewe hufanyika kwa namna inayomnyima hata kile kidogo. Mnunuzi hupita shambani, hutazama, hukadiria kwa macho na kutaja bei ya shamba zima. Yeye ameshanunua mashamba mia na anajua kila mti utatoa mbao ngapi. Muuzaji anauza kwa mara ya kwanza, na huenda ndiyo mara pekee katika miaka kumi na mitano. Utepe wa kupimia mzingo wa mti na karatasi ya hesabu vingetosha kupunguza pengo hilo, na vikundi vya wakulima wa miti vilivyoanzishwa katika ukanda huu vimefundisha upimaji. Mahali kikundi kilipo hai, muuzaji huingia kwenye mazungumzo akiwa na namba yake.

Soko nalo limebadilika kwa namna inayoupa mti mdogo heshima ambayo haukuwa nayo. Februari 2018 Kenya ilipositisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90 na kisha kwa miaka kadhaa, wafanyabiashara wa huko waligeukia zaidi mbao za Tanzania, na shinikizo hilo lilifika hadi kwenye vijiji vya Nyanda za Juu Kusini. Usambazaji wa umeme vijijini uliipa milingoti iliyonyooka soko la nguzo, ambazo hutiwa dawa kwa shinikizo kabla ya kusimikwa. Kisha vikaja viwanda vya kumenya magogo, vingi vikiwa vya wawekezaji kutoka China, ambavyo huzungusha gogo dhidi ya kisu kirefu na kutoa ukanda mwembamba wa mti, kama mtu anavyomenya chungwa bila kukata ganda. Kanda hizo hukaushwa na kugundishwa kuwa plaiwudi. Mashine hizo mpya hazihitaji gogo nene.

Wapo wanaoona viwanda hivi kuwa ndiyo maangamizi ya misitu ya wananchi, kwa kuwa vinanunua miti ambayo ingeachwa ikue. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, kwa kipimo nilichoanza nacho cha kazi inayobaki wilayani, kiwanda cha kumenya kinaajiri watu wengi kwa kila gogo, wakiwamo wanawake wanaoanika na kupanga kanda hizo juani, na kinatumia vipande vyembamba ambavyo zamani vilikuwa kuni au viliachwa vioze. Tatizo halipo kwenye ununuzi wa miti myembamba. Lipo kwenye ukweli kwamba shamba linauzwa lote kwa pamoja, mti mwembamba na ule ambao baada ya miaka minane ungekuwa mnene.

Halmashauri za wilaya na za mji wa Mafinga hutoza ushuru wa mazao ya misitu, na hilo ni fungu lisilo dogo kwenye bajeti zao; madarasa na zahanati kadhaa zimejengwa kwa fedha hiyo. Kwa hiyo halmashauri yenyewe imo ndani ya mtego uleule wa mkulima: mwaka ambao miti michanga inakatwa kwa wingi, makusanyo hupanda na lengo la mwaka hutimia, na hakuna safu kwenye taarifa ya mapato inayoonyesha kilichokatwa kabla ya wakati wake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua msitu wa mtu binafsi kuwa mali yake, na mwenye mali hawezi kuzuiwa kwa amri tu asikate mti wake kwa sababu ni mwembamba. Mapendekezo ya kuweka umri wa chini wa kukata husikika kila mara. Nayaona kama kumwongezea mkulima gharama ya kungoja bila kumpunguzia sababu ya kutongoja.

Njia yenye matumaini zaidi ipo tayari kwenye kanuni za kawaida za upandaji, nayo ni kupunguzia miti. Shamba likipunguziwa likiwa na miaka minane au kumi, kwa kutoa myembamba, iliyopinda na iliyosongamana, mkulima hupata fedha ya ada bila kuua shamba, na miti inayobaki, ikipata mwanga na nafasi, hunenepa haraka kuelekea zile sentimita 30. Miaka ya nyuma mti wa kupunguziwa haukuwa na mnunuzi, hivyo ushauri wa bwana misitu ulibaki ushauri. Kiwanda cha kumenya kimemleta mnunuzi huyo. Kinachozuia sasa ni jambo dogo la uchukuzi: lori haliwezi kupanda mlima kwa ajili ya miti 200 iliyotawanyika kwenye ekari moja, na mnunuzi anayepata ekari nzima kwa jirani hatahangaika kuchagua mti mmoja mmoja. Wakulima kumi wenye mashamba yanayopakana wakikubaliana kupunguzia msimu mmoja, mzigo wa lori unapatikana bila shamba lolote kumalizwa. Makubaliano hayo yanahitaji mwandishi wa kikundi anayeaminika, orodha ya miti iliyowekewa alama ya rangi, na mtu wa kusimama kando ya barabara siku ya kupakia ili kuhakikisha kwamba hakuna gogo lisilo na alama lililopanda garini.